Bangi kwa Jina Jingine: Hempu, Sheria za Majimbo ya Marekani na Msimamo wa Fiqhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili na akaifanya akili hiyo kuwa msingi wa taklifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Baada ya hayo. Ndugu yetu mmoja anayeishi katika jimbo la Texas, Marekani, alituandikia swali. Anafanya kazi katika duka la kituo cha mafuta. Dukani mna rafu ya peremende laini na vinywaji vya makopo vyenye maandishi ya THC. Mwenye duka, naye ni Mwislamu, humwambia kuwa vitu hivyo si bangi bali ni hempu, tena serikali imeviruhusu. Kisha akasikia kuwa jimbo linataka kuvipiga marufuku, na baada ya siku chache akasikia kuwa marufuku hiyo imekataliwa. Anauliza: "Je, sheria ikiruhusu ni halali yangu kuuza, na ikikataza ndipo iwe haramu?"

Swali hili ni fupi, lakini anayelijibu kwa haraka huteleza. Wapo watakaosema haramu bila kujua hempu ni kitu gani, wakaharamisha hata kamba na mafuta ya mbegu. Na wapo watakaofungua kitabu tunachokisomesha wenyewe, wakakuta ibara yenye kufanana na ruhusa, wakahalalisha. Maulamaa wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo tutaanza na kitu chenyewe, kisha sheria za wenzetu na namna wafanyabiashara walivyozipokea, kisha tutarudi kwa mafakihi.

HEMPU NI NINI?

Hempu na bangi ni mmea mmoja. Wataalamu wa mimea huuita Cannabis sativa. Tofauti ni ya kipimo, wala si ya asili. Ndani ya mmea huu mna viambato vingi, na viwili ndivyo vyenye kutajwa sana. Cha kwanza ni THC, na hasa ile iitwayo delta-9, ambayo ndiyo yenye kulevya. Cha pili ni CBD, ambacho hakilevyi. Mmea wenye THC kidogo sana hulimwa kwa ajili ya nyuzi, kamba, nguo, karatasi, na mbegu zenye mafuta.

Mpaka kati ya hempu na bangi uliwekwa katika asilimia 0.3 ya delta-9 kwa uzito wa mmea uliokauka. Kipimo hiki kinatokana na wanasayansi wawili, Ernest Small na Arthur Cronquist, walioandika mwaka 1976 ili kupanga aina za mmea huu. Wao walitaka mstari wa kugawa mimea shambani. Hawakuwa wakitafuta kipimo cha kinachomlevya mtu na kisichomlevya. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani fitina yote iliyofuata imetokana nalo.

Tarehe 20 Desemba 2018 Rais Donald Trump alitia saini sheria ya kilimo ya Marekani. Sheria hiyo iliitoa hempu katika orodha ya dawa za kulevya na kuifanya zao kama mahindi au pamba, maadamu delta-9 haizidi asilimia 0.3. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwafaa wakulima. Texas ilifuata kwa sheria yake ya mwaka 2019.

NJIA TATU ZA KUUPITA MPAKA

Wafanyabiashara waliisoma sheria hiyo herufi kwa herufi, wakapata njia tatu.

Ya kwanza ni kugeuza. CBD isiyolevya, ambayo ni halali kisheria, huchanganywa na tindikali katika maabara ikageuka kuwa delta-8, ndugu yake delta-9. Delta-8 hulevya, ingawa kwa nguvu pungufu. Sheria ilitaja delta-9 peke yake, kwa hiyo wakasema hii haimo. Jimbo lilipoikataza delta-8, walileta delta-10, kisha nyingine na nyingine, kila moja kwa herufi na namba zake.

Ya pili ni moto. Ua la mmea likiwa bichi huwa na THCA, ambayo haijawa THC. Likichomwa au kupashwa moto, THCA hugeuka kuwa delta-9 ileile. Muuzaji akawa anapima ua kabla ya moto, anasema delta-9 haijafika asilimia 0.3, naye anajua kuwa mnunuzi atalitia moto.

Ya tatu ni hesabu ya uzito. Asilimia 0.3 ya mmea ni kitu kidogo, lakini asilimia 0.3 ya peremende ni jambo jingine. Peremende ya gramu 4 inaweza kubeba miligramu 12 za delta-9 bila kuvuka mstari. Kopo la kinywaji lenye uzito wa gramu 350 lingeweza kubeba zaidi ya miligramu 1,000. Na katika jimbo la Minnesota, sheria ya mwaka 2022 iliyoruhusu vyakula na vinywaji hivi iliweka kikomo cha miligramu 5 tu kwa kila sehemu moja ya kuliwa, na miaka 21 kwa mnunuzi. Basi angalia, ndugu msomaji, jinsi kipimo cha shambani kilivyogeuka kuwa mlango wa dukani.

Madhara hayakuchelewa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kuwa kati ya Januari 2021 na Februari 2022 vituo vya sumu vya nchi hiyo vilipokea taarifa 2,362 za watu waliofikwa na delta-8, na asilimia 41 yao walikuwa chini ya miaka 18. Mtoto huona peremende; hasomi maandishi.

MAJIMBO YAANZA KUFUNGA MLANGO

Marekani ni nchi ya majimbo, na kila jimbo lina bunge lake. Arkansas ilipiga marufuku bidhaa hizi mwaka 2023. Virginia, mwaka huohuo, iliweka kikomo cha miligramu 2 za THC kwa pakiti, ila kwa bidhaa ambazo CBD yake imeishinda THC mara 25. California ilitoa kanuni za dharura Septemba 2024 zilizokataza THC yoyote yenye kuonekana katika vyakula na vinywaji vya hempu. Florida bunge lilipitisha vikwazo mwaka 2024, lakini Gavana Ron DeSantis akavikataa.

Kisa cha Texas ndicho chenye mafunzo zaidi. Mwaka 2025 Seneta Charles Perry aliwasilisha mswada namba 3 wa Seneti. Mswada huo ulikataza bidhaa zote za kuliwa, kunywewa au kuvutwa zenye kiambato chochote cha mmea huu isipokuwa CBD na ndugu yake CBG. Naibu Gavana Dan Patrick aliusimamia kwa nguvu zote, akisema maduka haya yamesogea karibu na shule na kwamba watoto ndio wanaolengwa. Mabaraza yote mawili yaliupitisha Mei 2025.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipotoka. Texas ilikuwa na maduka zaidi ya 8,000 yaliyoandikishwa kuuza bidhaa hizi, na wenyewe walikadiria kuwa biashara yao ina thamani ya mabilioni ya dola na inaajiri makumi ya maelfu ya watu. Walikusanya saini zaidi ya 100,000 wakazipeleka ofisi ya gavana. Waliungwa mkono na askari wastaafu waliosema wanatumia vitu hivi kwa maumivu na kukosa usingizi, na wakulima waliosema wamekopa na kupanda kwa kuamini sheria ya mwaka 2019. Hawakusema waachwe bila masharti. Walisema: tuwekeeni umri wa miaka 21, vipimo vya maabara, vifungashio visivyofunguliwa na mtoto, na umbali kutoka shuleni, msituue.

Usiku wa tarehe 22 Juni 2025, dakika chache kabla ya muda kwisha, Gavana Greg Abbott aliukataa mswada kwa kura ya turufu. Hoja yake haikuwa kwamba vitu hivi ni vyema. Alisema marufuku hiyo ingezuiwa mahakamani kwa kuwa sheria ya taifa inaruhusu hempu, akatoa mfano wa Arkansas, ambako jaji aliizuia sheria ya jimbo tangu Septemba 2023. Alipendekeza zidhibitiwe kama pombe. Siku mbili baadaye, tarehe 24 Juni, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane ikaiondoa zuio ile ya Arkansas. Mfano alioutegemea gavana ukaanguka mkononi mwake.

Bunge liliitwa tena katika vikao maalumu viwili. Seneti ilipitisha marufuku kwa mara nyingine, Baraza la Wawakilishi halikuafiki, na mwanzoni mwa Septemba vikao vikaisha bila mwafaka. Kilichopita ni sheria nyingine iliyokataza sigara za umeme zenye viambato hivi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025. Kisha tarehe 10 Septemba gavana akatoa amri yake mwenyewe ya kuzuia kuwauzia walio chini ya miaka 21.

Kabla vumbi halijatulia, Washington nayo ikaingia. Tarehe 12 Novemba 2025 Rais Trump alitia saini sheria ya bajeti iliyofungua tena serikali baada ya kufungwa siku 43. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachobadilisha maana ya hempu: sasa ihesabiwe THC yote, si delta-9 peke yake, viambato vilivyotengenezwa maabara vitoke, na bidhaa ya mwisho isizidi miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima. Kifungu kilipewa muda wa mwaka mmoja kabla ya kuanza. Seneta Mitch McConnell wa Kentucky, aliyekuwa bingwa wa kuihalalisha hempu mwaka 2018, ndiye aliyekisukuma, akisema mlango ule haukukusudiwa kutumiwa hivi. Mwenzake wa jimbo lilelile, Rand Paul, alijaribu kukiondoa akashindwa kwa kura 76 kwa 24. Wenye biashara wakasema hilo ni kuifuta kazi yao yote, wakaanza kuomba muda uongezwe na kanuni ziwekwe badala ya marufuku.

HAYA SI MAPYA KATIKA HISTORIA YETU

Anayesoma historia ya Waislamu hatashangaa. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria, 1328 Miladia) ameeleza kuwa hashishi haikuwa ikijulikana kwa maimamu wanne wala kwa salafu, na kwamba ilidhihiri miongoni mwa Waislamu mwishoni mwa karne ya sita Hijria na mwanzoni mwa ya saba, zama za Matatari. Kwa hiyo mafakihi wa zama hizo walifikwa na nazila: kitu kipya kisichotajwa kwa jina katika vitabu vya waliotangulia. Tunavyokabiliana na delta-8 leo, ndivyo wao walivyokabiliana na hashishi.

Na dola nayo ilikuwa na mkono. Katika Misri ya Wamamluki hashishi ilikuwa na kodi yake, na kodi hiyo ilikodishwa kwa watu wakaikusanya. Sultani al-Zahir Baybars, katika miaka ya 660 Hijria, aliifuta kodi hiyo na kuipiga marufuku hashishi pamoja na ulevi. Al-Maqrizi (aliyefariki 845/1442) anasimulia katika kitabu chake cha khitat kuwa karibu na mwaka 780 Hijria amiri Sudun al-Shaykhuni aliivamia sehemu ya Kairo iliyokuwa maarufu kwa jambo hilo, akaiharibu, na waliokamatwa wakang'olewa meno. Pamoja na ukali wote huo, al-Maqrizi analalamika kwamba miaka kama 35 baadaye, mnamo 815, hashishi ililiwa hadharani bila haya.

Hapa pana mazingatio mawili. La kwanza, mtawala aliyezoea kodi ya kitu huona tabu kukiacha, na akikiacha mrithi wake hukirudia. La pili, adhabu peke yake haikutosha, wala kung'oa meno hakukung'oa matamanio. Kazi ya mwenye mimbari haiwezi kufanywa na mwenye fimbo pekee.

MAFAKIHI WALISEMAJE?

Kabla ya kauli zao, tanbihi kwa wanafunzi. Katika vitabu vyetu mtakuta neno "banj". Wengi hulitafsiri "bangi" kwa sababu ya kufanana matamshi. Katika vitabu vya tiba vya Waarabu, banj kwa asili ni mmea mwingine wenye kupoteza fahamu. Bangi tunayoijua huitwa "qinnab" au "hashisha". Mafakihi mara nyingi huvitaja vyote viwili pamoja kwa kuwa hukumu zao zinakaribiana, lakini mwanafunzi asivichanganye.

Asili ya mlango huu ni Aya ya 90 ya Surat al-Maida, na mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Umar, kwamba kila chenye kulevya kinaingia katika khamri na kila khamri ni haramu. Pia yaliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir, kwamba ambacho kingi chake kinalevya, basi na kichache chake ni haramu. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ummu Salama makatazo ya kila chenye kulevya na chenye kulegeza mwili na fahamu.

Maulamaa wameafikiana kuwa kula hashishi kiasi cha kuathiri akili ni haramu. Al-Zarkashi (aliyefariki 794/1392), mmoja wa wakubwa wa madhehebu ya Shafi, aliandika risala nzima juu ya kuharamishwa kwake. Ibn Hajar al-Haytami ameihesabu katika madhambi makubwa. Ikhtilafu yao ilikuwa katika jambo jingine: je, ni muskir, yaani kilevi kama khamri, au ni mufsid, yaani chenye kuharibu akili bila ile furaha na ushupavu wa mlevi?

Ibn Taymiyya alisema ni muskir, kwa hiyo mlaji wake hupigwa haddi, na kidogo chake ni kama kingi chake. Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik (aliyefariki 684/1285), katika kitabu chake cha al-Furuq, alisema ni mufsid. Juu ya hilo akajenga mambo matatu: haina haddi bali taaziri; si najisi; na kiasi kidogo kisichofika kwenye akili hakiharamiki. Mashafii wengi walikwenda njia ya karibu na hiyo katika vitu vikavu. Imam Nawawi (aliyefariki 676/1277) anaeleza katika al-Majmu' kuwa mimea ya namna hii ni haramu kuliwa, ila haina haddi, wala si najisi.

Na hapa tufike kwenye ibara ambayo wanafunzi wa pwani yetu wanaijua. Katika Fath al-Mu'in ya Sheikh Zaynuddin al-Malibari, mlango wa adhabu ya ulevi, imeelezwa kuwa vitu vikavu kama hashishi na afyuni havina haddi ingawa ni haramu, na kwamba kula kidogo chake bila nia ya kudumu nacho ni makuruhu, na kwa haja ya tiba ni mubaha. Mwenye duka akiipata ibara hii atasema: "Peremende yangu ni miligramu 5. Si kidogo hicho?"

Jibu lina sehemu nne.

Kwanza, kidogo kinachokusudiwa na mafakihi ni kile kisichoigusa akili kabisa. Hiyo ndiyo illa yao. Peremende ya miligramu 5 au 10 hainunuliwi ila kwa sababu inaigusa akili. Athari hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa. Ikiwa haina athari, hakuna atakayeinunua kwa bei ile. Basi kidogo cha muuzaji si kidogo cha al-Malibari.

Pili, wameshurutisha kutokudumu. Biashara ya rafu imejengwa juu ya mteja arudi kesho. Muuzaji anayetegemea mteja adumu hawezi kuitumia ruhusa iliyofungwa na kutokudumu.

Tatu, mwenye kushika kauli ya muskir hana cha kusema juu ya kidogo, kwa kuwa kwake kidogo na kingi ni sawa. Na ihtiyati, yaani kutoka katika ikhtilafu, inapendeza hata kwa asiyeshika kauli hiyo. Ibara inayompunguzia mtu adhabu kwa kadhi haikuandikwa ili iwe leseni ya duka.

Nne, vinywaji. Wapo waliosema kuwa hashishi ikiyeyushwa huangaliwa asili yake, kwa hiyo haidi haimo. Lakini kuanguka kwa haddi ni jambo moja na uhalali ni jingine. Kinywaji kinachotengenezwa ili kilevye, kikatiwa kwenye kopo kama la bia na kikanywewa barazani kama bia, kimekusanya illa yote.

NA HILA JE?

Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Surat al-A'raf, Aya ya 163 na zinazofuata, kisa cha watu wa mji wa pwani waliokatazwa kuvua Jumamosi. Wafasiri wanaeleza kuwa walitega nyavu na kuchimba vidimbwi ili samaki wanaswe Jumamosi, kisha wakawatoa Jumapili. Kwa dhahiri hawakuvua siku iliyokatazwa. Kwa hakika walivua. Ibn al-Qayyim amelirefusha jambo hili katika I'lam al-Muwaqqi'in, akabainisha hila inayomtoa mtu katika dhiki kwa njia halali na ile inayoivunja amri kwa kuvaa vazi lake.

Anayepima ua kabla ya moto, akijua litatiwa moto, ametega wavu Jumamosi. Anayegeuza CBD kuwa delta-8, delta-8 ikikatazwa akaleta delta-10, amebadilisha jina la mvuvi tu. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika yaliyopokewa na Abu Dawud, juu ya watu watakaokunywa khamri na kuipa jina lisilokuwa lake. Jina la kitu halibadilishi hukumu maadamu illa ipo.

Wala mtu asiseme kuwa CBD ilikuwa halali, basi kinachotoka humo ni halali. Zabibu ni halali, na khamri imetoka kwenye zabibu. Kinachoangaliwa ni kitu kilichofikiwa.

KUPAMBANUA HUKUMU

Kwa hayo, tunagawa kama ifuatavyo:

1. Nyuzi, kamba, nguo, karatasi na mbegu za hempu zisizolevya: asili yake ni uhalali, kama zabibu na tende. Mkulima wake hana lawama.

2. CBD iliyosafishwa, isiyo na THC yenye athari: hailevyi, na asili ya vitu ni ibaha maadamu haina madhara. Lakini anayeinunua ahakikishe kilichomo, kwani yaliyoandikwa kwenye chupa si lazima yawe ndani yake. Chembe ya THC iliyozama kiasi kwamba hata mtu akitumia nyingi hailevyi, wanazuoni wengi wa leo wanaichukulia kuwa imemezwa na kilichoizidi. Na anayejiepusha ameilinda dini yake.

3. Delta-8, delta-10, ua la THCA, peremende na vinywaji vya THC vinavyouzwa kwa starehe: haramu kutumia, na haramu kumuuzia anayejulikana atavitumia hivyo. Mashafii wameharamisha kumuuzia zabibu anayejulikana atazifanya khamri. Basi vipi kile kilichokwisha kufanywa?

4. Mgonjwa: hapa tusiwe wagumu kuliko mafakihi. Wale askari wenye maumivu hawasemi uongo wote. Nawawi amenakili kutoka kwa al-Ruyani kuwa mmea wa namna hii wafaa kutumiwa katika dawa pasipokuwa na budi. Masharti yake ni daktari mwaminifu anayejua kazi yake, kukosekana dawa nyingine inayotosha, na kipimo kisichozidi haja. Texas yenyewe ina mpango wa matibabu ulio chini ya madaktari, na uliupanua mwaka 2025. Rafu ya kituo cha mafuta si hospitali.

JIBU LA MUULIZAJI

Ewe ndugu yetu. Sheria ya nchi unayoishi ni ahadi uliyoingia ulipopokea ruhusa ya kukaa humo, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi. Ikikataza kitu, kiache, hata kama kwako ni mubaha. Lakini ikiruhusu kitu, haijakuhalalishia mbele ya Mola wako. Umeona mwenyewe: gavana hakusema kitu hiki ni kizuri, alisema mahakama itazuia. Bunge halikuafikiana. Waliofungua mlango mwaka 2018 ndio walioufunga mwaka 2025. Je, uhalali wa riziki yako uwe unapanda na kushuka kwa kura na saini za usiku wa manane? Asilimia 0.3 ni swali la mwanasheria. Swali la fakihi ni moja: kinalevya au hakilevyi?

Kwa hiyo mwambie mwenye duka kwa upole, faraghani, wala usimfedheheshe. Yeye pia ameambiwa na wauzaji wa jumla kuwa ni hempu tu, na huenda hakuwahi kuelezwa na mtu wa elimu. Akikubali, bidhaa zilizobaki asizihamishie kwa mwenzake kwa kuziuza. Abu Talha alipouliza juu ya khamri ya mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aimwage, na hali ilikuwa mali ya mayatima. Asipokubali, omba upangiwe kazi isiyogusa rafu ile. Isipowezekana, tafuta kazi nyingine kwa bidii, na usiache familia yako bila chakula kabla hujaipata. Dhiki ya kweli ina hukumu yake, ila isifanywe mto wa kulalia.

Na ujira uliokwisha kuupokea ukiwa hujui, ukaacha ulipojua, tunataraji hauna dhambi juu yako. Surat al-Baqara, Aya ya 275, imefungua mlango wa yaliyopita kwa aliyefikiwa na mawaidha akakoma. Toa sadaka kadiri ya uwezo wako, na endelea mbele.

Kwa maimamu walioko huko, hasa Texas, Minnesota na Ohio ambako watu wetu ni wengi: zungumzeni na vijana kwa majina yanayoandikwa kwenye pakiti. Kijana akisikia "bangi ni haramu" hatajua kuwa mmesema juu ya kopo lililo kwenye jokofu lake. Wazee wetu walipofikwa na hashishi walikaa wakaichunguza, wakaita kila kitu kwa jina lake, kisha wakahukumu. Nasi hatuna njia nyingine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.